Kilio cha Kununua

Baba yangu alikuwa na neno moja tu juu ya sinema. Kila mama alipoomba shilingi ya kwenda Majestic, baba alitia mkono mfukoni, akaitoa, akamwekea kiganjani na kusema: "Haya, nenda kanunue kilio. Mtaani kipo cha bure." Hakusema kwa ukali. Alikuwa hamali wa bandarini Malindi, mtu wa magunia ya karafuu, na kwa hesabu zake mwenye akili hulipia kitu asichokuwa nacho.

Mama hakujibu. Alivaa buibui lake, akaifunga ile shilingi kwenye pembe ya kanga aliyoivaa ndani, akanishika mkono tukatoka. Kutoka kwetu Kikwajuni mpaka Vuga si mbali. Unapita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, unavuka barabara, umefika. Nilikuwa na miaka sita, kwa hiyo mwaka ulikuwa 1963. Leo nimeshaupita umri aliofikia mama, naukaribia aliofikia baba, na kila ninaposikia watu wakibishana kwamba filamu ya kuliza ina faida gani kwa mtu mwenye huzuni zake mwenyewe, moyo wangu hukimbilia njia ile ya Kikwajuni na Vuga.

Siku hizo Majestic ilikuwa na onyesho la wanawake watupu, mchana. Sisi watoto wa kiume tuliruhusiwa kuingia madhali bado tunashikwa mkono. Jumba lenyewe lilikuwa jipya, la miaka ya 1950, limesimama palipokuwa na jumba la zamani lililochorwa na John Sinclair, likajengwa mwaka 1921 na baadaye likaungua. Mimi sikuyajua hayo. Nilichokijua ni harufu: asumini, udi uliofukizwa nguoni, na mafuta ya nazi kwenye nywele za mamia ya wanawake waliovua mabuibui yao kwa pamoja mara tu mlango ulipofungwa. Nje walikuwa weusi wote, mtu humjui mtu. Ndani, taa zikiwa bado zinawaka, niliona rangi za kanga na dhahabu za masikioni, nikasikia watu wakiitana safu hadi safu kama wako harusini.

Filamu ilikuwa Mother India. Mehboob Khan aliitoa Bombay mwaka 1957, mwaka niliozaliwa, na ilikuwa bado inarudishwa kwetu, na bado watu wanajaa. Inakwenda karibu saa tatu. Nargis ndiye Radha, mke wa mkulima ambaye mumewe anapondwa mikono yote miwili na jiwe shambani. Mume anaona haya kulishwa na kuvishwa kama mtoto mchanga, anaondoka usiku, harudi tena. Radha anabaki na watoto, shamba la mawe, na deni la Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji. Mafuriko yanakuja. Kifo kinaingia nyumbani. Jembe la kukokotwa na ng'ombe Radha anajifunga yeye mwenyewe mabegani, analivuta.

Katika safu yetu hakuna aliyekijua Kihindi sawasawa, na hilo halikumzuia mtu. Mbele yetu alikaa bibi mmoja aliyekwisha kuiona filamu ile mara nyingi, na kila jambo alilitangaza kabla halijatokea. "Sasa anakuja mwenye deni." "Sasa atatoa bangili." Wanawake wakawa wanamkataza Radha kwa sauti: "Usimpe! Usimpe bangili zako!" Radha akazitoa. Mama akaitazama bangili yake mwenyewe, moja tu ya fedha, akaifunika kwa kiganja.

Mwisho wa filamu mtoto mdogo wa Radha, Birju, amekuwa jambazi. Anamteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Radha anachukua bunduki. Heshima ya binti wa kijiji ni heshima yake yeye, hata kama binti huyo ni wa mtu aliyemfilisi. Anampiga mwanawe risasi, kisha anakimbia kwenda kumkumbatia.

Bunduki ilipolia nilisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Kisha kimya. Kisha kilio, kilianzia safu za nyuma, kikaja mbele, mpaka pakawa hapana asiyelia. Yule bibi aliyejua kila kitu kabla hakijatokea naye alikuwa analia, tena akiita jina. Nilisikiliza. Halikuwa Birju, wala halikuwa jina la mtu yeyote aliyekuwamo kwenye filamu. Nikawasikiliza na wengine, na huku na kule gizani nikasikia majina: ya Kiswahili, ya Kiarabu, ya Kingazija. Kila mmoja alikuwa na wake aliyekuja naye.

Mama hakuita jina. Alilia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umenishika kifundo. Kila kwikwi ilipompanda vidole vyake vilinibana, ikishuka vikalegea. Sikuweza kumwona uso, lakini kilio chake chote nilikipata mkononi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoambiwa na mama yake mdogo kwamba kabla yangu mama alizaa watoto wawili, na wote wawili aliwazika.

Tulirudi nyumbani katika kundi, mabuibui yameshavaliwa, na njia nzima ilikuwa baraza la kesi. Mzazi gani huyu wa kumpiga risasi mtoto wa tumboni mwake? Mwingine akasema: mzazi wa kijiji kizima ndiye hufanya vile. Mwingine: je, angekuwa binti yako ndiye aliyetekwa? Sijapata kusikia watu wakijadili haki na huruma kwa bidii ile, hata katika mikutano niliyokuja kuhudhuria ukubwani. Macho yao mekundu, pua zimejaa, na akili zao kali kama wembe.

Usiku huo ndipo filamu ya pili ilipoanza, ile ya mama. Majirani wasioweza kwenda, kwa kukosa shilingi au ruhusa au mtu wa kumwachia mtoto, walikuja kukaa barazani kwetu. Mama aliiweka taa ya kandili miguuni, akaanza kama anavyoanza mtu hadithi ya sungura: "Paukwa!" Watu wakaitika: "Pakawa!" Akawapitisha humo, tangu jiwe lililomponda mume mpaka risasi ya mwisho. Penye nyimbo, alivumisha. Alikuwa na sikio zuri, wimbo ukimpita mara moja hautoki tena. Penye kilio alinyamaza kidogo, akakunja pindo la kanga, akaendelea.

Baba alikuwa ndani, kitandani, mlango wazi, taa imezimwa. Sote tulijua amelala. Mama alipofika mahali Radha anapovuta jembe, sauti ikatoka gizani:

"Na ng'ombe wao walikwenda wapi?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akageuza uso kuelekea mlangoni, akajibu kama anayejibu swali la maana, "Deni, mume wangu. Deni limekula kila kitu."

"Ah," akasema baba, na hakusema tena.

Hivyo ndivyo tulivyoishi na filamu. Mama alizinunua, akatuletea, na baba alizisikiliza gizani bila kukiri. Mtaani kulikuwa na watu waliojifunza Kihindi chao chote kwa Raj Kapoor na Nargis, wakaweza kumsalimia mwenye duka na hata kumwomba mkopo. Nyimbo zenyewe zilihamia kwenye taarabu. Mombasa, Juma Bhalo aliimba maneno ya Kiswahili kwa mahadhi yaliyotoka kwenye filamu za Bombay, na kwetu hakuna aliyeona ajabu, maana mahadhi yale yalikuwa yameshalowa machozi yetu.

Ilipokuja Dosti, filamu ya mwaka 1964, mama alikwenda mara tatu. Hiyo haikuwa na mchezaji mkubwa hata mmoja. Ni vijana wawili wasiojulikana, mmoja kilema, mpiga kinanda cha mdomo, mwingine kipofu, mwimbaji. Wanakutana katika barabara za Bombay, wanakuwa macho na miguu ya kila mmoja kwa mwenzake. Kipofu ana dada yake mjini, naye anaona haya kumkiri. Nyimbo zilitungwa na Laxmikant na Pyarelal, wakati huo nao vijana, na sauti ya yule kipofu ni ya Mohammed Rafi. Mama alizivumisha nyimbo hizo mwaka mzima, akichambua mchele, akifua, akimbembeleza mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa mchanga. Nyumba yetu ya vyumba viwili ilijaa Rafi na hatukuwa na redio.

Alipoisimulia barazani alisema yule kijana kilema anaitwa Ramu. Mimi nikakumbuka kwamba mtoto mkubwa wa Radha katika Mother India naye aliitwa Ramu. Nikauliza: "Mama, ni Ramu yule yule?"

Mama akafikiri. Angeweza kuniambia kwamba ni jina tu, Wahindi wengi wanalo. Akasema: "Yule yule. Dhiki haijamwacha."

Nililala na jambo hilo. Ramu alikuwa mtu mmoja, anazaliwa kila filamu, anateseka, anamaliza, anaanza tena.

Mama alifariki masika ya mwaka 1973, kwa homa ya siku nne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, ndugu yangu kumi na mmoja, na kitinda mimba wetu wa kike minane. Nakumbuka mvua juu ya mabati, na wanaume waliokunja suruali mpaka magotini kulichukua jeneza. Baba aliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Alimlaza, akamgeuza ubavu, akatengeneza udongo chini ya shavu lake polepole, kama mtu anayepanga mzigo usije ukamwagika. Alipotoka juu, mjomba akamshika bega akamwambia: "Lia, bwana. Hata Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim." Baba akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa na maji, lakini ya mvua.

Hakulia siku hiyo, wala siku tatu za matanga, wala siku ya hitma. Siku ya nne alirudi bandarini. Na mji mdogo una macho. Mama mdogo, dada yake mama, alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, akasema jikoni mbele ya wanawake, nami nikiwa nje ya dirisha: "Hata chozi! Miaka kumi na minane kakaa naye, hata chozi!" Tangu hapo hakumwita baba "shemeji." Alikuja kutuletea chakula, akatusuka na kutufulia, akimwona baba anaingia huvaa buibui lake na kwenda zake.

Wahenga wamesema machozi ya samaki huishia majini. Mimi niliyelala chumba kimoja na baba tangu mama alipoondoka nilijua mambo ambayo mama mdogo hakuyajua. Nilijua kwamba baba halali. Nilijua kwamba usiku wa manane hukaa barazani peke yake, mahali alipokuwa akikaa mama, na kandili isiyowashwa miguuni. Lakini chozi sikuliona hata mimi, na kwa siri nami nilianza kuuliza.

Ikaja Idi ya mfunguo mosi. Asubuhi watoto walikwenda Mnazi Mmoja, pembea na vitumbua na mabaluni, wakarudi. Kitinda mimba akasimama mbele ya baba na gauni lake jipya alilolishona mama mdogo, akasema: "Mama alitupeleka Majestic kila Idi."

Baba akamtazama kwa muda mrefu. Nilisubiri lile neno lake la kilio cha kununua. Akatia mkono mfukoni, akahesabu, akasema: "Haya. Nani anaijua njia?"

Tukaenda watano, kwa maana mama mdogo alikuwa pale, na kitinda mimba hakukubali kumwachia mkono. Hakukuwa tena na wanawake peke yao. Ukumbi ulikuwa umejaa familia, vijana wamesimama pembeni, watoto wamepakatwa. Tulipata safu moja. Baba alikaa mwisho, ukutani, mimi pembeni yake, kisha ndugu yangu, kisha kitinda mimba, na mwisho kabisa mama mdogo, mbali na shemeji yake kadiri safu ilivyoruhusu. Baba alivua kofia, akaiweka gotini. Alikaa wima kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na hajawahi kuingia mle ndani.

Filamu ilikuwa Haathi Mere Saathi, ya Rajesh Khanna na Tanuja. Ilitoka mwaka 1971, ikatazamwa India nzima kuliko nyingine zote za mwaka huo. Ni hadithi ya Raju, yatima aliyelelewa, naweza kusema, na tembo wanne. Anacheza nao barabarani apate riziki, anatajirika, anajenga bustani ya wanyama, anapenda, anaoa.

Nimezitazama filamu nyingi za kuliza tangu siku ile, za Bombay, za Misri, za Marekani, na nimejifunza kwamba iliyotengenezwa kwa ustadi haianzi na kilio. Inakuchekesha kwanza. Inakupa mtu, au mnyama, inakukalisha naye mpaka unamzoea kama wa nyumbani, ndipo inapokunyang'anya. Ile ya tembo ilituchekesha kwa muda mrefu sana. Kitinda mimba alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Kuna mahali tembo analivuta gari bovu barabarani huku Rajesh Khanna anaimba. Nilimwona baba anainama mbele, kiwiko gotini. Kwa mara ya kwanza tangu masika aliniongelea bila kuulizwa.

"Tazama anavyovuta," akasema. "Hana papara."

Mkubwa wa tembo hao, mpenzi wa Raju, ana jina. Mtu alipolitamka kwenye skrini, kitinda mimba akageuka kututazama, macho yamemtoka. Ramu.

Kisha Raju akapata mtoto, na mkewe akaingiwa na hofu kwamba tembo atamdhuru. Tembo hana kosa. Anampenda mtoto. Lakini ni mkubwa, hana maneno, na mwenye hofu haoni mapenzi katika mwili mkubwa namna ile. Mke akamwambia mume achague, ama wao ama tembo. Mume hakuweza kuwaacha wanyama waliomlea, na nyumba ikavunjika. Ramu ndiye aliyejitwika kuiunganisha, akafanikiwa, na akailipia kwa roho yake, kwa mkono wa mtu muovu.

Wanamzika kama binadamu. Kilio kilianza ukumbini, nami koo lilinibana, lakini nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita katikati ya vijana wenzangu, nikayakaza meno. Hapo ukaja wimbo wa kumuaga Ramu. Ilikuwa sauti ya Mohammed Rafi, na muziki wa Laxmikant na Pyarelal, walewale wa Dosti. Baba hakuyajua majina hayo. Aliijua sauti. Sauti ile ilikuwa imekaa nyumbani kwake mwaka mzima, ikipita katika koo la mkewe, juu ya mchele na nguo na mtoto mchanga.

Viti vya Majestic vilikuwa vimeunganishwa safu nzima. Nilihisi mgongoni kwanza, kitu kinatikisika. Nilidhani ni mtoto anayepiga teke kutoka nyuma. Kikaendelea, polepole, kwa vituo, na ndipo nilipotambua kwamba kinatoka upande wa ukutani. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Baba alikuwa analia bila sauti, na mwili uliobeba magunia miaka ishirini ulikuwa unaitikisa safu nzima ya viti.

Mama mdogo naye aliuhisi mtikisiko huo kule mwisho. Nilimwona akiinama mbele, anatafuta kwenye mwanga wa skrini ni nani. Akatazama kitinda mimba. Akamtazama ndugu yangu. Akanitazama mimi. Kisha akaona.

Alikaa hivyo, ameinama, sijui kwa muda gani. Wimbo ulikuwa bado unakwenda. Kisha akaivuta kanga yake ya kichwani, akaikunja mara mbili, akampa kitinda mimba bila neno. Kitinda mimba akampa ndugu yangu. Ndugu yangu akanipa mimi. Ilikuwa imeloa upande mmoja. Nikaiweka kwenye goti la baba, juu ya kofia, na mkono wake mgumu ukaja gizani ukaipokea.

Tulitoka jua limeshazama. Baba alitununulia karanga kwa mwenye kikapu pale nje, kila mmoja na bahasha yake, na mama mdogo naye akapewa. Tulikwenda kimya mpaka karibu na Mnazi Mmoja. Ndipo baba aliposema, si kwa mtu fulani: "Mnyama hana mdomo. Angekuwa nao angesema."

"Kweli, shemeji," akasema mama mdogo.

Hakuna aliyesema zaidi, na sijaona kilichopungua.

Majestic haikuanguka siku moja. Miaka hiyohiyo ya 1970 televisheni ya rangi ilifika Unguja, kisha miaka ya 1980 zikaja kaseti za video, na mtu akaweza kukaa nyumbani akatazama filamu tatu kwa usiku mmoja. Jumba lile la Vuga likachakaa, paa likaanguka, mvua ikaingia mahali tulipokuwa tukikaa. Mwezi Julai mwaka 2012 redio ilipotangaza kwamba Rajesh Khanna amefariki, nilikuwa nimeketi na wajukuu. Nikatoka nje nikakaa peke yangu kidogo. Hawakunielewa, na sikuweza kuwaeleza kwa haraka.

Nimesoma mengi baadaye. Nimejua kwamba Nargis, aliyekuwa mama mzee wa Birju, na Sunil Dutt, aliyekuwa Birju mwenyewe, walizaliwa mwezi mmoja wa mwaka mmoja, Juni 1929, wakipishana siku tano, na kwamba mwaka 1958 walioana. Ni jambo ambalo lingewapa wanawake wa Kikwajuni maneno ya mwezi mzima, na nimesikitika kwamba sikuwahi kumwambia mama. Lakini halikupunguza kitu. Kilio cha siku ile hakikuwa juu ya Nargis. Yule bibi aliyeita jina lisilokuwamo ndani ya filamu alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma.

Wajukuu zangu hulia nao, kwenye simu, kila mmoja pembeni mwake na waya masikioni. Nawaona wanafuta macho wanaendelea na jingine. Siwalaumu, machozi yao ni ya kweli. Ninachowahurumia ni kwamba hakuna kiti kinachotikisika. Mtu akilia peke yake, kwa siri, ni samaki bado yumo majini. Siku ile ya Idi filamu haikumpa baba huzuni, alikuwa nayo tele. Ilimpa mashahidi. Kwa bei ya tikiti moja, mtu asiyekuwa na mdomo alisikiwa mpaka mwisho wa safu.

Usiku wa Idi ile majirani walikuja kutupa mkono, wakakaa barazani kama zamani, ila mahali pa mama pakabaki wazi. Mazungumzo yalikuwa ya bei na ya foleni za unga. Mtu akauliza tumetazama nini Majestic. Nikafungua mdomo nieleze.

Baba akaondoka pale alipokuwa, akaenda kuketi mahali pa mama. Akaiwasha kandili, akaiweka miguuni. Mama mdogo alikuwa mlangoni, buibui mkononi, akabaki amesimama.

"Paukwa," akasema baba.

Hakuna aliyetegemea. Ilipita kama pumzi mbili. Kisha mama mdogo akaitika kutoka mlangoni, na wengine wakamfuata:

"Pakawa."

"Palikuwa na tembo," akasema. Sauti yake ilikuwa haijazoea kazi ile, ilikuwa inakwenda kwa kupapasa. "Jina lake Ramu."

Kitinda mimba aliyekuwa ameiona filamu nzima mchana ule kwa macho yake mwenyewe, akasogea mpaka kwenye goti lake.

"Ramu yule yule, baba?"

Baba akamwekea mkono kichwani.

"Yule yule," akasema. "Dhiki haijamwacha."